Usonji katika Mahakama ya Jinai ya Kenya: Kati ya Wazimu na Ulemavu

Katika kesi za jinai nchini Kenya, hali ya akili ya mshtakiwa huingia mahakamani hasa kwa mlango wa wazimu. Kifungu cha 12 cha Kanuni ya Adhabu humwondolea dhima mtu ambaye, kwa ugonjwa unaoathiri akili, hakuweza kuelewa alilokuwa akilitenda au kujua kwamba hakupaswa kulitenda. Mlango huo ni mwembamba. Usonji ni tofauti ya ukuaji wa ubongo, na wengi walio nao hufahamu vyema watendalo. Tena, aliyeupita mlango huo hakurudi nyumbani: kwa miaka mingi, kifungu cha 166 cha sheria ya mwenendo wa jinai kilimweka kizuizini bila muda maalumu.

Ugumu wao hasa umo katika mawasiliano. Kifungu cha 199 cha sheria hiyo humtaka hakimu aandike maoni yoyote ya maana aliyo nayo kuhusu mwenendo wa shahidi anapohojiwa. Na mshtakiwa anayejitetea kwa kiapo ni shahidi pia. Asiyemtazama wakili usoni, anayekawia kujibu au kurudia maneno ya swali, huweza kudhaniwa mwongo. Hapo ulemavu husomwa kama ushahidi.

Ibara ya 50(7) ya Katiba ya 2010 inairuhusu mahakama, kwa maslahi ya haki, kukubali mtu wa kati amsaidie mlalamikaji au mshtakiwa kuwasiliana nayo. Ruhusa hiyo, hata hivyo, si lazima, wala haimfai mshtakiwa ambaye usonji wake haujatambuliwa na yeyote.