Kuwasikiliza Wasomaji wa Riwaya: Utangulizi

Mtu akimaliza riwaya, aghalabu hutafuta wa kumweleza. Anaweza kuwa fundi cherehani, nesi wa zamu ya usiku au mwanafunzi aliye likizoni. Atasema kitabu kimemkaa, au kimemchosha, au mwandishi amemwacha kwenye mataa. Maneno hayo husemwa mara moja yakapotea, kwa kuwa hakuna anayeyahesabu kuwa uhakiki. Taaluma ninayokukaribisha katika somo hili inaanzia hapo hapo. Inachunguza namna wasomaji wasio wahakiki wanavyozipokea riwaya: wanasema nini, wanawahukumuje wahusika, wanachokea wapi, na kwa nini. Ninaamini kwamba maoni hayo ni ushahidi kuhusu riwaya yenyewe, na kwamba mhakiki asiyeyajua ameijua kazi nusu.

Jambo hili halikupaswa kuwa geni kwetu. Kila anayesoma fasihi simulizi hufundishwa mapema kwamba hadithi ina fanani na hadhira, na kwamba hadhira haikai kimya: huitikia, huuliza, huchoka, na fanani hubadili mwendo kwa kuitazama. Bila "Pakawa!" ya wasikilizaji, "Paukwa!" haiendi popote. Lakini tukifika kwenye riwaya, hadhira hiyo hutoweka katika mijadala yetu. Tunabaki na mwandishi, mazingira yake, fani na maudhui. Msomaji hutajwa kwa jumla tu, kwamba "jamii inafunzwa", na ni nadra mtu kwenda kuiuliza jamii hiyo imefunzwa nini.

Kwingineko maswali haya yana historia ndefu. Mwaka 1929 I. A. Richards wa Cambridge alichapisha kitabu kilichotokana na jaribio alilowafanyia wanafunzi wake: aliwapa mashairi bila majina ya watunzi, akakusanya walichoandika, kisha akachambua walikopotea. Nia yake ilikuwa kuwasahihisha. Louise Rosenblatt wa Marekani, katika kitabu chake cha 1938, aliwachukulia wasomaji kwa heshima zaidi. Kwake fasihi hutokea pale maandishi na maisha ya msomaji yanapokutana, na baadaye, mwaka 1978, alitofautisha usomaji wa kuchota taarifa na usomaji wa kuishi ndani ya kinachosomwa. Kuanzia miaka ya 1960 Hans Robert Jauss na Wolfgang Iser wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, waliipa nadharia ya upokezi, yaani ya namna kazi inavyopokelewa na wasomaji, umbo tunalolijua leo. Jauss alizungumzia upeo wa matarajio, yaani yale ambayo msomaji anayo kichwani hata kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza. Iser alizungumzia mapengo ambayo maandishi humwachia msomaji ayajaze.

Nadharia hizi zinatufaa kwa sababu zinaeleza mambo tunayoyaona kila siku. Chukua msomaji aliyempenda Euphrase Kezilahabi kwa *Rosa Mistika* (1971), kisha akashika *Nagona* (1990). Kitabu ni chembamba, jina la mwandishi ni lile lile, lakini ndani hakuna familia ya Ukerewe, hakuna kisa kinachosonga kutoka kijijini hadi chuoni. Kuna safari, ndoto, sauti na maswali. Msomaji huyo akisema "sikuelewa, nikaacha", wengi wetu humwona mvivu. Mimi naona ametueleza jambo la kweli kuhusu *Nagona*: riwaya hiyo imeandikwa kwa kuyavunja matarajio ambayo mwandishi mwenyewe alisaidia kuyajenga. Kuchoka kwake kunaonyesha mahali hasa yalipovunjika. Ukimuuliza aliachia ukurasa gani, umeanza kazi.

*Rosa Mistika* nayo ni darasa zima la upokezi. Ilipotoka ilizuiwa kwa muda kutumika shuleni, kwa jinsi ilivyoyaeleza waziwazi mambo ya wasichana, wapenzi wao na mimba, kisha baadaye ikaja kufundishwa katika shule hizo hizo. Maandishi hayakubadilika, waliobadilika ni wasomaji, pamoja na wale wanaowaamulia wengine wasome nini. Hata leo, waweke watu sita wazungumze juu yake, watagawanyika. Wapo watakaosema Rosa amejitakia: alipewa elimu akaichezea. Wapo watakaosema mwenye makosa ni Zakaria, baba mlevi anayempiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana, akamlea kwa hofu mpaka siku alipotoka nyumbani hakujua uhuru unatumiwaje. Nimewasikiliza wazazi na wanafunzi wakibishana hivyo, na kila upande una kurasa zake za kushikilia. Anayemlaumu Rosa hutaja zaidi mambo yake ya chuoni Morogoro. Anayemlaumu Zakaria hurudi kwenye kipigo. Kezilahabi aliweka vyote viwili bila kutuambia kipi kina uzito zaidi. Hilo ndilo pengo analolisema Iser, na hukumu ya msomaji ndiyo inayolijaza. Uchambuzi unaotangaza kwamba dhamira ya kitabu ni "malezi mabaya" ukaishia hapo, umeufunga mjadala ambao mwandishi aliuacha wazi kwa makusudi.

Hapa sina budi kuzungumzia miongozo. Wanafunzi wengi wa sekondari, Kenya na Tanzania, hukutana na riwaya ya Kiswahili kwa sababu imeteuliwa kwa mtihani, na mara nyingi mwongozo hufunguliwa kabla ya kitabu. Dhamira zimekwisha orodheshwa, migogoro imehesabiwa, msimamo wa mwandishi umekwisha tajwa. Miongozo imewasaidia vijana wengi kufaulu, na sitaki kuwabeza wanaoiandika. Lakini kwa mtafiti wa upokezi ni lazima ijulikane ilivyo: humpa msomaji maoni kabla hajawa na yake. Ukimhoji kijana juu ya riwaya aliyoisomea mtihani, uwe tayari kusikia mwongozo ukisema kwa mdomo wake.

Hata hivyo msomaji hafi. Ninayo nakala ya *Siku Njema* ya Ken Walibora (1996) niliyoinunua kwa muuza vitabu vilivyotumika. Mwenyewe wa kwanza aliipitia kwa kalamu ya buluu, akapigia mstari methali na tashbihi, na pembeni akaandika "tamathali" kila alipoiona moja. Mwingine, au labda yeye mwenyewe siku nyingine, alitumia penseli. Pale Zainabu, mama wa mhusika mkuu Kongowea, anapofariki, penseli imeandika neno moja: "maskini". Mbele kidogo imechora alama ya kuuliza kubwa, mahali ambapo Kongowea anazidi kuteswa, na hakuna kilichoandikwa zaidi. Katika nakala moja tunaona aina mbili za usomaji alizozitofautisha Rosenblatt: kalamu inachota, penseli inaishi. Nakala kama hii mtafiti huithamini kuliko nakala mpya, na ziko nyingi, kwenye rafu za maktaba za shule na kwenye meza za wauza vitabu vya zamani. Hakuna anayezikusanya.

Eneo lingine lililoachwa ni lile la riwaya pendwa. Katika vyuo vyetu tumezoea kutenganisha riwaya dhati na riwaya pendwa, na za pili tumezipa nafasi ndogo. Lakini ukiwauliza watu wazima ni kitabu gani kiliwafanya wapende kusoma, watakutajia mpelelezi Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyeanza na *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960), au jasusi Willy Gamba wa Elvis Musiba, wa *Kufa na Kupona* (1974). Wengine watakutajia hadithi za magazetini za Eric Shigongo, zilizokuwa zikiishia na "itaendelea" pale pale roho inapokuwa juu. Ni wasomaji hawa waliozifanya riwaya zishikwe, ziazimwe na kuchakaa. Mwaka 1984 Janice Radway alichapisha utafiti wake juu ya wanawake wa mji mmoja wa Marekani waliokuwa wakisoma riwaya za mapenzi. Aliwauliza wanasoma kwa nini, akajifunza kwamba kule kusoma kwenyewe kuliwapa muda wao wenyewe, mbali na kuwahudumia waume na watoto. Tungeyajua mengi kama tungewauliza hivyo wasomaji wa magazeti waliokuwa wakigombea nakala moja kazini. Hao bado wapo, na ningependa wahojiwe kumbukumbu zikiwa hai.

Sasa wapo pia wasomaji wanaofika kwenye kitabu kwa njia nyingine. *Vuta n'kuvute* ya Adam Shafi (1999) wengine wameijua kwanza kwa filamu ya Amil Shivji ya 2021. *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah imefika kwa Kiswahili kama *Peponi*, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Aliyevutwa na tuzo hasomi kama aliyeikuta dukani kwa bahati.

Kuhusu mbinu nitasema machache, maana utazipata kwa vitendo. Usimuulize msomaji kama amekipenda kitabu. Atakujibu kwa adabu. Muulize alikomea wapi usiku wa kwanza, ukurasa gani aliurudia, mhusika gani alimkasirikia, alimsimulia nani na huyo alijibu nini. Andika maneno yake kama alivyoyasema, hata akikosea jina la mhusika, maana jina linalosahaulika nalo linaeleza jambo. Usimsahihishe. Kisha rudi kwenye kitabu, utafute kinachosababisha maneno hayo: badiliko la msimulizi, sura fupi mno, kifo kisichotayarishwa, methali iliyowekwa mahali pake. Usiporudi huko utabaki na kura za maoni, na hizo hazituambii riwaya inavyofanya kazi.

Karibu, basi. Huhitaji ruhusa wala shahada ili uanze. Kwa riwaya uliyoimaliza karibuni, kabla hujafungua mwongozo wala kusoma aliloandika mhakiki yeyote, jaza kurasa mbili: wapi uliharakisha, wapi ulikwama, nani ulimwonea huruma na nani hukumsamehe. Weka jina la kitabu, mwaka wa toleo na tarehe ya leo. Kisha mwombe mzazi wako, jirani au mwenzako wa kazini afanye vivyo hivyo kwa kitabu kile kile, na uyalete darasani maandishi yake kama yalivyo.