Ng'ombe Hatembei, Kwato Hazilali

Ng'ombe anayechechemea ana mteja mmoja tu: mchinjaji. Mfugaji mwenzako akija kumtazama atasifu kiwele na kuuliza amezaa mara ngapi, kisha macho yake yatashuka miguuni, na mazungumzo yataishia hapo. Mchinjaji hana haja na miguu. Atataja bei yake, nawe uliyemlea mnyama huyo tangu akiwa mtamba utaipokea, maana maziwa yameshapungua na hata kusimama akamuliwe ni shida.

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako ardhi ni finyu, Wachagga wamefuga ng'ombe bandani tangu enzi za mababu. Majani hukatwa tambarare na kupandishwa mlimani, yanaongezewa migomba iliyokatwakatwa, na samadi inarudi kihambani kulisha migomba na kahawa. Ni ufugaji wa busara, na leo umeenea Rungwe, Njombe, Lushoto na hata ng'ambo ya mpaka, Kiambu na Meru. Ila una deni moja ambalo wengi hatulilipi. Tulipomletea ng'ombe chakula mlangoni, tulimwondolea safari ya kwenda malishoni, na safari hiyo ndiyo iliyokuwa ikimpunguza kwato.

Ukwato wa ng'ombe hukua takribani nusu sentimita kwa mwezi. Anayekwenda malishoni huusaga kwenye mawe na changarawe. Anayeshinda bandani hausagi vya kutosha, basi ncha inarefuka na kupinda kwenda juu, na uzito wote unarudi kisiginoni. Huko ndani kuna mfupa unaokandamiza nyama laini iliyo juu ya wayo. Damu inavilia, kidonda kinaanza, wala hakuna anayekiona. Kwa kuwa wayo nao hukua polepole, kidonda hicho kinaweza kuchukua miezi miwili au zaidi kabla ya kujitokeza chini ya ukwato. Mfugaji atasema ng'ombe ameanza kuchechemea jana, kumbe maumivu ni ya msimu uliopita.

Kipindi cha hatari kuliko vyote ni kuzaa. Siku hizo kano zinazoushikilia mfupa ndani ya ukwato hulegea, na ng'ombe akikonda baada ya kuzaa, hata mto wa mafuta ulio chini ya mfupa huo nao husinyaa. Nasi hapo hapo, kwa tamaa ya maziwa, tunamrundikia pumba na mashudu ghafla huku majani yakiwa haba. Tumbo linajaa asidi, na madhara yake hushuka hadi kwenye kwato. Chakula cha nguvu kiongezwe kidogo kidogo, kigawanywe mara kadhaa kwa siku, na majani yasikosekane horini.

Sakafu nayo ina lake. Ng'ombe wa maziwa anahitaji kulala saa 10 hadi 14 kwa siku. Akikuta zege tupu au matope, atasimama, na kila saa anayosimama ni mzigo juu ya wayo. Mtengee mahali pakavu pa kulala, upana wa mita 1.2 na urefu wa zaidi ya mita 2, utandike maranda au majani makavu, na samadi iondolewe kila siku, hasa wakati wa masika.

Uchafu na unyevu huleta maradhi yake. Lipo la kuoza kati ya vidole: mguu unavimba ghafla na kutoa harufu mbaya. Lipo pia la kidonda chekundu nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino, ambacho ukikigusa tu ng'ombe anaruka. Haya ni ya daktari wa mifugo, na akitumia dawa inayoingia kwenye maziwa, heshimu siku alizokuambia usiuze. Lakini ukiona ng'ombe kadhaa wanachechemea kwa pamoja, wanatokwa na udenda na wana vidonda mdomoni, shuku ugonjwa wa miguu na midomo. Usimtoe mnyama yeyote bandani. Mwite afisa mifugo siku hiyo hiyo.

Tiba ya kwato ndefu ni kisu, tena kisu chenye mpango. Mholanzi Toussaint Raven, daktari wa mifugo wa Utrecht, aliuweka utaratibu unaofuatwa hadi leo karibu kila pembe ya dunia. Katika mguu wa nyuma, anza na kucha ya ndani: kwa ng'ombe mkubwa wa Friesian, acha sentimita 7.5 hivi kutoka ukwato unapoanza kuwa mgumu hadi nchani. Kisha ishushe ya nje ilingane nayo, kwa maana ya nje ndiyo hubeba uzito mkubwa na kuumia zaidi. Chonga bonde dogo katikati ya nyayo ili pasibanwe. Bonyeza wayo kwa kidole gumba: ukihisi unabonyea, umeshakata kupita kiasi, acha hapo hapo. Ukikuta kidonda cha wayo, fundi atabandika kibao kwenye kucha nzima, ili ile mbovu ining'inie na kupumzika. Kisu kisafishwe na kutiwa dawa kabla ya kuingia banda la jirani, maana hubeba maradhi.

Wengi hukimbilia kuogesha miguu kwa mrututu, yaani salfeti ya shaba. Unafaa, kwa kipimo cha kilo 5 katika lita 100 za maji, au nusu kilo kwa lita 10 ukiwa na ng'ombe wawili tu, na miguu ioshwe kwanza kwa sababu samadi huimaliza nguvu dawa. Ila mrututu hukinga maradhi ya uchafu. Hauponyi kidonda cha wayo wala haufupishi ukwato. Mifugo wasiunywe, na maji yake usiyamwage kwenye migomba, kwani shaba hubaki udongoni.

Mtazame ng'ombe wako akitembea kwenda horini. Mgongo ukiwa umenyooka akisimama lakini unapinda akipiga hatua, ameshaanza kuumia, hata kama bado hachechemei. Usingoje ainue mguu.

Siku unapomkausha, wiki nane kabla ya kuzaa, mwite fundi wa kwato. Mwite tena mwezi wa tatu baada ya kuzaa. Andika tarehe hizo ukutani, kando ya tarehe ya kupandisha. Ukimfungia ng'ombe bandani, kazi ya mawe na changarawe umeichukua wewe.