Hirizi Haizuii Risasi

Leo tutazame jambo hili: ushirikina hudumuje katika mji wenye bandari, viwanda na vyuo?

Sisi wa Likoni, Kisauni na Changamwe hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, vijana walikivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari, wakatwaa bunduki, kisha wakawageukia majirani waliotoka bara. Kabla ya hapo walikuwa wamekula kiapo katika msitu wa Kaya Bombo, wakaaminishwa kwamba dawa zitawakinga na risasi. Katika ghasia hizo walikufa watu zaidi ya 100, na maelfu wakayahama makao yao.

Manung'uniko ya ardhi na kazi yalikuwapo kweli. Lakini dawa haikuleta shamba wala ajira. Ilileta ujasiri wa kumwua jirani.

Tena haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1905, kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania, Kinjikitile Ngwale aliwapa watu maji, wakaamini kwamba risasi za Wajerumani zitageuka kuwa maji. Maelfu walianguka.

Mbona imani hiyo haikuzikwa pamoja nao? Kwa sababu dawa hutolewa pamoja na mwiko: usile hiki, usiguse kile. Mtu akipigwa risasi, husemwa kwamba amevunja mwiko. Hivyo dawa haishindwi kamwe. Mwenye makosa ni marehemu, naye hawezi kujitetea.

Nasi Wakristo tusijivune. Tukinunua chupa ya mafuta ya upako ili biashara ishike, kisha isiposhika tukaambiwa imani yetu ni haba, tumevaa hirizi ile ile. Bwana Yesu hakuuza kinga. Katika Luka 13 aliwataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akakataa kabisa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine.

Basi jirani akifiwa au akifilisika, tusiulize ni nani aliyemroga, wala amevunja mwiko gani. Twende tukaketi naye, na mikono yetu isiende mitupu. Mungu na atuondolee hofu, atupe upendo. Amina.