Kuwashwa sehemu za siri kwa wanaume wazee: Dalili isiyopaswa kufichwa

Kuwashwa sehemu za siri ni miongoni mwa matatizo ya kiafya ambayo wanaume wengi wenye umri mkubwa huyavumilia kimya kimya. Mzee anayekwenda zahanati bila kusita kwa ajili ya shinikizo la damu au maumivu ya magoti huona haya kumweleza tabibu, ambaye mara nyingi ana umri wa mwanawe au mjukuu wake, kwamba halali usiku kwa sababu ya kujikuna kinenani. Badala yake hununua dawa ya kupaka dukani na kuitumia kwa kubahatisha, hadi anapofika hospitalini tatizo likiwa limekomaa.

Kimya hicho kina gharama, kwa sababu muwasho si ugonjwa unaojitegemea bali ni dalili. Chanzo chake kinaweza kuwa jambo dogo kama sabuni kali. Kinaweza pia kuwa kisukari ambacho mgonjwa hajui kuwa anacho na, mara chache, saratani ya uume ikiwa katika hatua za awali. Njia ya kuvitofautisha ni uchunguzi wa mtaalamu wa afya.

Umri na mabadiliko ya ngozi

Kadiri umri unavyosonga, ngozi hupungukiwa mafuta yake ya asili, hukauka na kuwa nyembamba. Ngozi ya aina hiyo huwasha kwa urahisi na huchelewa kupona inapochubuka. Aidha, wanaume wengi wazee hupata matatizo ya tezi dume yanayosababisha mkojo kuvuja au kudondoka baada ya kumaliza haja. Nguo ya ndani inayobaki na unyevu wa mkojo huunguza ngozi na kuwapa fangasi mazingira mazuri ya kuzaliana. Mzee mwenye maumivu ya mgongo au uoni hafifu naye hupata taabu kujisafisha na kujikausha ipasavyo, hivyo mabadiliko ya ngozi yanaweza kumpita bila kuyaona.

Fangasi na kisukari

Fangasi ni chanzo kinachoonekana mara nyingi. Wapo wanaoshambulia kinena na sehemu za ndani za mapaja, ambapo hutokea baka lenye kingo zilizoinuka linalotanuka taratibu. Fangasi hao mara nyingi huanzia katikati ya vidole vya miguu na kupandishwa juu kwa taulo au nguo ya ndani. Aina nyingine hushambulia kichwa cha uume, hasa kwa mwanaume ambaye hajatahiriwa, na kuleta wekundu, vipele vidogo, utando mweupe chini ya govi na maumivu wakati wa kukojoa.

Aina hiyo ya pili ndiyo inayopaswa kumfanya mzee apime sukari. Sukari inapozidi takribani milimoli 10 kwa lita moja ya damu, figo hushindwa kuizuia yote na sehemu yake hutoka kwa njia ya mkojo. Mkojo wenye sukari unaobaki kwenye ngozi huwa chakula cha fangasi. Ndiyo maana mtu anaweza kupaka dawa, akapata nafuu kwa wiki mbili, kisha muwasho ukarejea kama mwanzo: dawa imeua fangasi, lakini sukari iliyowalisha bado ipo. Kipimo cha damu kabla ya kula kikionyesha milimoli 7 kwa lita au zaidi, na kikathibitishwa kwa kurudiwa, mhusika ana kisukari na anahitaji kuanza matibabu.

Wagonjwa ambao tayari wanatibiwa kisukari wanapaswa pia kufahamu kuwa baadhi ya dawa za ugonjwa huo, zikiwemo dapagliflozini na empagliflozini, hufanya kazi kwa kutoa sukari kupitia mkojo na zinaweza kuongeza uwezekano wa kupata fangasi. Mgonjwa hapaswi kuziacha kwa uamuzi wake mwenyewe, bali amweleze daktari ili amshauri.

Fangasi hutibiwa kwa dawa za kupaka kama klotrimazoli, kwa kawaida kwa wiki mbili hadi nne, kulingana na maelekezo ya mtaalamu. Kosa linalofanyika mara nyingi ni kuacha dawa siku chache tu baada ya muwasho kutulia.

Upele unaoenea katika kaya

Muwasho unaozidi usiku, ukiambatana na vipele vidogo kwenye uume, korodani, kiunoni na katikati ya vidole vya mikono, huashiria upele. Ugonjwa huo husababishwa na wadudu wadogo wanaochimba ndani ya ngozi na huenea kwa kugusana kwa muda mrefu, hususan kwa wanaolala kitanda kimoja. Mwaka 2017, Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyokuwa hayapewi kipaumbele.

Mzee mwenye upele hana sababu ya kudhaniwa kuwa ameupata kwa zinaa. Anaweza kuambukizwa na mjukuu anayelala naye. Kwa sababu hiyo matibabu huhusisha wanakaya wote kwa wakati mmoja, hata wasiowashwa. Dawa, kama vile permethrini au benzili benzoeti, hupakwa mwilini kuanzia shingoni hadi nyayoni na si palipo na vipele pekee, huku kipimo cha watoto kikielekezwa na mtaalamu. Nguo na mashuka hufuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Muwasho unaweza kuendelea kwa wiki kadhaa baada ya wadudu kufa, na hilo halimaanishi kuwa dawa imeshindwa.

Vyanzo vingine

Sabuni zenye manukato, sabuni za kufulia, dawa za kuua vijidudu na mafuta ya kupaka yenye harufu huweza kusababisha mzio. Baadhi ya wazee wanapowashwa huongeza kuosha kwa sabuni kali, maji ya moto sana au chumvi, na hivyo kuichoma ngozi ambayo tayari imedhoofika. Pumu ya ngozi nayo huwasha, na kujikuna kwa muda mrefu huifanya ngozi iwe nene na ngumu, hali ambayo huongeza muwasho.

Magonjwa ya zinaa hayana ukomo wa umri. Mwanaume mwenye miaka 70 anayeendelea na tendo la ndoa anaweza kuambukizwa kama kijana, na anapobainika kuwa na maambukizi hayo mwenza wake naye hutibiwa. Chawa wa sehemu za siri huonekana kwenye mizizi ya nywele na huwa na dawa zake. Muwasho wa mwili mzima usio na vipele unaweza kutokana na maradhi ya figo au ini.

Hatari ya krimu za mseto

Dawa inayotumiwa vibaya zaidi ni krimu ya mseto iliyochanganywa dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi. Steroidi hutuliza muwasho haraka, jambo linalomfanya mtumiaji aamini kuwa amepona. Kumbe kinga ya ngozi imepunguzwa nguvu na fangasi wanaendelea kusambaa chini kwa chini, huku baka likibadilika sura kiasi cha kumtatiza hata daktari. Ikitumika kwa miezi kadhaa, ngozi ya sehemu za siri, ambayo kwa asili ni nyembamba, hudhoofika na kuchanika. Steroidi zina nafasi yake katika tiba, ikiwemo ya ugonjwa unaoleta mabaka meupe na kulikaza govi, lakini ni kwa uamuzi na uangalizi wa daktari.

Dalili za kuwahi hospitali

Kidonda, uvimbe mgumu au baka jekundu au jeupe lisilopona baada ya wiki chache, damu au harufu mbaya chini ya govi, na govi lililoacha kufunguka ni dalili zinazohitaji uchunguzi wa saratani bila kuchelewa. Saratani ya uume ikigunduliwa mapema hutibika, na mara nyingi kiungo huokolewa. Aidha, maumivu makali ya ghafla, uvimbe unaosambaa kwa kasi, homa au ngozi kugeuka nyeusi, hasa kwa mwenye kisukari, ni dharura ya kufika hospitali siku hiyo hiyo.

Huduma na kinga

Uchunguzi wa awali ni rahisi: kuangalia ngozi, kupima mkojo na sukari, na inapobidi kuchukua magamba ya ngozi kwa ajili ya hadubini. Mgonjwa anaweza kuomba kuhudumiwa na mtoa huduma wa kiume, na anayo haki ya faragha. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye miaka 60 au zaidi, na vituo vingi vya serikali vina dirisha la kuwahudumia wazee. Tatizo likizidi uwezo wa kituo, mgonjwa hupewa rufaa kwenda kwa wataalamu wa ngozi, ambao nchini wamekuwa wakifundishwa mjini Moshi katika kituo cha kikanda kilichoanzishwa mwaka 1992.

Nyumbani, wazee wanashauriwa kuoga kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, kusafisha chini ya govi, kujikausha vizuri kabla ya kuvaa, kuvaa nguo za ndani za pamba zisizobana, kuzibadilisha kila siku au zinapolowa, kutochangia taulo, na kutibu fangasi wa miguu sambamba na wa kinenani.

Familia nazo zina wajibu. Mzee anayejikuna mara kwa mara au kukosa usingizi hahitaji kutaniwa. Anahitaji mtu wa kumsindikiza zahanati, na aachiwe nafasi ya kuzungumza na mtabibu wakiwa wawili tu.