DAKTARI WA MAITI NA KAZI YAKE

Vijana wengi wa vijiji vyetu wako Kariakoo, Dar es Salaam. Wengine ni wapagazi, wengine wauza duka, wengine machinga. Siku ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba, 2024, ghorofa moja pale Kariakoo liliporomoka asubuhi. Watu zaidi ya 20 walikufa. Kabla ya hapo, tarehe 29 Machi, 2013, ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya jiji lilianguka likaua watu 36.

Msiba wa namna hii ukitokea, jamaa huuliza: "Mbona hatupewi maiti wetu tukazike?" Basi leo tueleze kazi ya daktari anayechunguza maiti.

Daktari huyu ni nani?

Ni daktari bingwa. Kwanza husomea udaktari miaka 5. Halafu hufanya kazi hospitali mwaka 1 chini ya madaktari wakubwa. Baadaye hurudi chuoni miaka 3 kusomea ubingwa. Zamani watu wetu walikwenda Makerere, Uganda, kwa sababu chuo cha udaktari cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1963. Chuo hicho leo ni Chuo Kikuu cha Muhimbili, na hakiko mbali na Kariakoo. Daktari aliyekomaa katika kazi hii hufundisha wanafunzi, na pia huitwa mahakamani kutoa ushahidi.

Anafanyaje kazi?

Kwanza huhakikisha marehemu ni nani. Huangalia nguo, makovu na meno. Ikishindikana, huchukuliwa vipimo vya marehemu na vya ndugu wa damu, kama vile mama au mtoto. Vipimo hivyo hulinganishwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Kazi hii huchukua siku, lakini huzuia familia moja isizike mtoto wa familia nyingine.

Kisha hutafuta sababu ya kifo. Aliyefukiwa na kifusi anaweza asiwe na jeraha hata moja. Kifua kikibanwa hakiwezi kupanuka, na mtu hufa kwa kukosa pumzi. Kwa macho tu huwezi kujua.

Tusidanganywe na macho

Hapa pana jambo kubwa kwetu vijijini. Mtu akifa, damu haitembei tena. Hushuka upande aliolalia. Mgongo ukawa na rangi ya zambarau, watu wakasema, "Amepigwa!" Siku zikipita, tumbo huvimba, na maji yenye damu hutoka puani. Watu wakasema, "Amerogwa!" au "Kalishwa sumu!" Kumbe ni mwili unaoza tu. Sumu hupimwa kwa Mkemia, haitambuliwi kwa kutazama.

Wazee wetu, hasa akina mama wenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, wameuawa kwa maneno ya matangani kama hayo. Neno la daktari lingeweza kuwaokoa.

Tufanye nini?

Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980 ipo kwa ajili ya vifo vya ghafla, vya ajali na vya mashaka. Kifo cha namna hiyo kikitokea, mwarifuni mtendaji wa kijiji au polisi upesi. Msimwoshe marehemu, msimsogeze, wala msiguse vitu vilivyo karibu naye mpaka polisi wafike. Tunajua wengi wetu hupenda kuzika mapema, na hiyo ni heshima kwa marehemu. Lakini mkizika kabla ya uchunguzi, mahakama inaweza kuamuru kaburi lifukuliwe, na hapo uchungu huwa mara mbili.

Na mkiitwa mjini kumtambua jamaa yenu, nendeni na ndugu wa damu, na picha yake kama ipo. Mwelezeni daktari makovu, meno yaliyong'oka na mifupa iliyowahi kuvunjika. Mambo mnayoyajua ninyi wa nyumbani humsaidia sana.

Marehemu hawezi kusema aliyemdhulumu. Pia hawezi kumtetea asiye na kosa. Daktari huyu husema kwa niaba yake. Tumpe nafasi.