Simu Ikusomee, PIN Ibaki Yako: Jinsi ya Kutumia SMS Bila Kuona Skrini

Pesa ikiingia kwenye simu, ujumbe huja papo hapo: kiasi, jina la aliyetuma, salio. Kwa mteja anayeona, kusoma hayo ni kazi ya sekunde mbili. Kwa mteja asiyeona, swali la kwanza huwa, "Nani anisomee?" Akitaka kutuma pesa, swali la pili ni zito zaidi: "Nani anibonyezee PIN?"

Tuchukue mfano. Mama anauza samaki waliokaushwa Todonyang, kule kaskazini mwa Ziwa Turkana, karibu na mpaka wa Ethiopia. Mnunuzi wake yuko Lodwar, na analipa kwa simu kabla mzigo haujapakiwa. Kama mama huyu haoni, inabidi ampe simu kijana aliye karibu. Kijana akisema, "Imeingia elfu tatu, mama," mama hana njia ya kujua kama ilikuwa tatu au tano. Wengi wanaosaidia hivi ni waaminifu; ni watoto wetu na majirani zetu. Lakini pesa yako isitegemee ni nani alikuwa karibu siku hiyo.

Simu nyingi za kisasa zinaweza kusoma ujumbe zenyewe, kwa sauti, na kukusaidia kuandika bila kuangalia. Leo tunakuonyesha jinsi ya kuanza. Kama unaona vizuri, soma pia, kwa sababu huenda wewe ndiwe utakayemfundisha mzazi au jirani.

Kisoma skrini ni nini?

Ni programu inayotamka kila kitu kilicho kwenye skrini. Ukigusa jina, inalitaja. Ukigusa kitufe, inakwambia ni kitufe gani. Kwenye simu za Android inaitwa TalkBack na kwenye iPhone inaitwa VoiceOver. Zote mbili ziliingia kwenye simu hizo mwaka 2009, na ni za bure. Kwenye Android nyingi, hata za bei nafuu, TalkBack tayari imo ndani. Imezimwa tu.

Kwa Turkana, jambo hili lina uzito wake. Hii ni moja ya kaunti za Kenya ambako trakoma, ugonjwa wa vikope, umekuwa tatizo la miaka mingi. Kope hugeukia ndani na kukwaruza jicho, hadi mtu anapoteza uwezo wa kuona. Mara nyingi hilo hutokea ukubwani, mtu akiwa na familia, mifugo au biashara. Mtu kama huyo hakupita shule ya wasioona wala hakufundishwa Braille. Anachokifahamu tayari ni simu na pesa zake.

Kakuma nako, kambi iliyoanzishwa mwaka 1992, simu imekuwa sehemu ya chakula cha kila siku. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianzisha Bamba Chakula, ambapo sehemu ya msaada wa chakula ilianza kutumwa kwa simu ili mtu akanunue mwenyewe dukani. Msaada ukija kwa njia hiyo, anayeweza kusoma ujumbe wake ndiye anayejua amepata nini.

Kabla ya kuanza: mambo matatu

*Kwanza, simu yenyewe.* Kama unanunua simu, mwambie muuzaji aiwashe TalkBack mbele yako kabla hujatoa pesa. Isikilize. Kama inakwama kwama au spika yake ni hafifu, omba nyingine.

*Pili, sauti ya Kiswahili.* Sauti ya Google ina Kiswahili, na ukishaipakua inasoma bila intaneti. Kwa hivyo fanya kazi hiyo ukiwa Lodwar au Kakuma mjini, penye mtandao mzuri, kabla ya kurudi Todonyang. Kiturkana bado hakimo kwenye orodha ya sauti hizo, kwa hivyo kama nyumbani mnaongea Kiturkana, anza kwa kuzoea maneno machache ambayo simu itayarudia kila mara: *kitufe, gusa mara mbili, futa, tuma, rudi.* Ukiyajua hayo, umeshafika mbali.

*Tatu, kisikizi cha sikioni.* Ufuoni kuna upepo, sokoni kuna kelele, na pesa ni siri. Weka kisikizi sikio moja, lile lingine liachie mazingira.

Hatua ya 1: Washa TalkBack

Mara ya kwanza, omba mtu unayemwamini akuwashie. Anaingia kwenye Mipangilio, kisha Ufikivu, kisha TalkBack. Mwambie pia awashe njia ya mkato, ili siku nyingine uweze kuiwasha na kuizima mwenyewe kwa kubonyeza vitufe viwili vya sauti kwa pamoja na kuvishikilia kwa sekunde chache.

Angalizo kwa anayesaidia: TalkBack ikiwaka, simu haiguswi tena kama ulivyozoea. Kugusa mara moja ni kusikiliza tu. Kufungua ni kugusa mara mbili. Wengi hushtuka hapa na kudhani simu imeharibika. Usijali, iko sawa.

Hatua ya 2: Zoea kutembea kwenye skrini

Ishara za kuanzia ni chache:

- Telezesha kidole kimoja kulia: unaenda kwenye kitu kinachofuata.
- Telezesha kushoto: unarudi kwenye kilichotangulia.
- Gusa mara mbili popote: unafungua kile ulichosikia mwisho.
- Telezesha vidole viwili juu au chini: unasogeza ukurasa.
- Telezesha chini kisha kushoto bila kuinua kidole: unarudi nyuma.

Futa mikono kwanza. Kidole chenye maji au mafuta ya samaki husumbua skrini, na mtu hudhani amekosea ishara kumbe tatizo ni unyevu. Usiharakishe pia. Tumia siku mbili tatu kutembea tu kwenye skrini, bila kugusa mambo ya pesa.

Hatua ya 3: Soma SMS ya pesa kwa makini

Fungua programu ya ujumbe na utelezeshe kulia hadi usikie mtumaji. Sikiliza jina hilo kabla ya ujumbe wenyewe. SMS zetu huja kwa jina la huduma. Ukisikia namba ya simu ya kawaida ikisomwa, ujue huo umetumwa na mtu, hata kama maneno yake yanafanana na yetu.

Hapa ndipo matapeli hupata watu. Wanatuma SMS ya uongo, kisha wanapiga: "Mama, nimekosea namba, hiyo pesa ni ya mgonjwa, tafadhali nirudishie." Asiyeweza kusoma mwenyewe huamini, anarudisha, na pesa inayotoka ni yake. Ukipata simu kama hiyo, kata. Angalia salio lako. Kama salio halijaongezeka, hakuna pesa iliyoingia.

Kisha sikiliza kiasi. Sauti ya simu inaweza kukimbia juu ya koma na nukta, na 1,500 na 15,000 zina tarakimu zinazokaribiana. Ukiwa na shaka, soma herufi moja moja. Kwenye vidhibiti vya kusoma vya TalkBack chagua "Herufi", kisha telezesha kidole chini. Utasikia: moja, koma, tano, sifuri, sifuri. Hesabu tarakimu zilizo kabla ya nukta. Nne ni maelfu. Tano ni makumi elfu.

Ukisikia maneno yanatamkwa ovyo, huenda ujumbe ni wa Kiingereza na sauti ni ya Kiswahili. Badilisha lugha ya huduma yako iwe Kiswahili ili ujumbe na sauti viende pamoja.

Hatua ya 4: Andika SMS yako ya kwanza

Kibodi ya skrini haina vitufe vya kupapasa, lakini herufi hazihami. Weka kidole kwenye kibodi na ukisogeze taratibu. Kila herufi itatajwa. Ukisikia unayoitaka, inua kidole, na kwa kibodi nyingi itaandikwa. Kama haijaandikwa, kibodi yako inataka uguse mara mbili. Kumbuka alama tatu za njia: nafasi iko chini katikati, kitufe cha kufuta kiko upande wa kulia juu kidogo ya mstari wa chini, na Q iko juu kabisa kushoto.

B na P, M na N hufanana sikioni. Ukisita juu ya herufi bila kuinua kidole, TalkBack huitaja pamoja na neno la mfano, na hapo hutakosea.

Anza na ujumbe mfupi wenye faida. Mama wetu wa samaki anaweza kuandika: *Pesa imefika. Mzigo unakuja na gari la kesho.* Hiyo peke yake inatosha kwa wiki ya kwanza. Kabla ya kutuma, rudi kwenye sehemu ya kuandika usikilize tena kutoka mwanzo.

Kuna njia mbili nyingine. Ya kwanza ni kuongea na simu ikaandika. Google iliongeza Kiswahili kwenye lugha za kuandika kwa sauti mwaka 2017. Inahitaji mtandao mzuri, na majina ya watu na ya mahali huikoroga, kwa hivyo sikiliza ilichoandika kabla ya kutuma. Ya pili ni kwa waliosoma Braille shuleni: tangu mwaka 2020 TalkBack ina kibodi ya nukta sita, unayoandika kwa vidole sita moja kwa moja kwenye skrini. Ukishaizoea, ina kasi kuliko kutafuta herufi moja moja.

Hatua ya 5: Linda PIN

Kujifunza kote huku kunalenga hapa. Fanya haya:

- Vaa kisikizi kila unapoandika PIN, kwa sababu simu inaweza kutaja tarakimu unazogusa.
- Tumia chaguo la TalkBack la kuficha skrini. Skrini inakuwa nyeusi, wewe unaendelea kusikia, na aliyesimama nyuma yako haoni kitu.
- Usiseme PIN kwa sauti ili simu ikuandikie. Kamwe.
- Kama kuna mtu amekuwa akikubonyezea PIN miaka yote, ibadilishe siku utakayoweza kuiandika mwenyewe. Hakuna haja ya ugomvi. PIN mpya tu.

Jambo moja gumu tuliseme wazi. Menyu za nyota na reli hukatika usipojibu kwa muda fulani, na anayesikiliza huhitaji muda zaidi kuliko anayetazama. Kama simu yako ina programu ya huduma, tumia hiyo. Kama huna, kariri mpangilio wa menyu (kutuma ni namba ngapi, salio ni namba ngapi) na uwe na namba ya mpokeaji tayari kichwani. Ikikatika kabla hujaweka PIN, pesa haijatoka. Anza tena bila wasiwasi. Kama ulishaweka PIN, angalia salio kwanza ndipo urudie, usije ukatuma mara mbili.

Na mwenye kabambe je?

Kabambe nyingi hazina kisoma skrini, ingawa baadhi hutamka tarakimu unapobonyeza. Hata hivyo zina faida moja: vitufe vya kushikika. Papasa kitufe cha 5, mara nyingi kina kinundu kidogo katikati. Juu yake ni 2, chini ni 8, kushoto 4, kulia 6. Kwa kinundu hicho unaweza kuandika PIN yako mwenyewe, hata kama ujumbe bado unasomewa na mtu. Ni nusu ya safari, lakini ndiyo nusu inayolinda pesa.

Kwa wakala na kwa yeyote anayesaidia

Mteja asiyeona akifika dukani, ongea naye yeye, si aliyemsindikiza. Usimnyang'anye simu. Taja kiasi na jina kwa sauti ya chini, kisha mwache aweke PIN mwenyewe, hata akichukua dakika tatu. Noti mhesabie moja moja mkononi ukitaja thamani ya kila moja. Akikupa PIN yake kwa mdomo, mkatalie kwa heshima na umwonyeshe jinsi ya kuiandika.

Hii si hisani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, kutumia njia ya mawasiliano inayomfaa, na kupata vifaa vya kumsaidia kukabiliana na ulemavu wake. Simu inayosoma ni njia mojawapo ya kuifanya haki hiyo ifike hadi ufuoni.

Mpango wa wiki nne

Wiki ya kwanza, tembea kwenye skrini na upokee simu. Wiki ya pili, soma SMS zako zote mwenyewe, hata za zamani. Wiki ya tatu, andika SMS moja kila siku kwa mtu wa nyumbani. Wiki ya nne, angalia salio bila msaada, tuma kiasi kidogo kwa mtu unayemfahamu, kisha badilisha PIN.

Kama una mzazi, shangazi au jirani asiyeona, iwashe TalkBack kwenye simu yake leo, kaa naye nusu saa, na umwache aishike yeye.