Bastola ya mtindo wa kale: Marekani bidhaa ya kawaida, Kaptagat silaha

Mzaliwa wa Kaptagat aliyehamia Marekani kwa masomo, riadha au kazi anaweza kuikuta dukani bastola ya mtindo wa karne ya 19, iliyokwisha kutumika na inayouzwa kwa bei nafuu, akaambiwa kwamba haihitaji leseni. Maelezo hayo huenda yakawa sahihi pale anaponunulia. Hatari huanza anapodhani kwamba yatakuwa sahihi vilevile akiipeleka nyumbani, ikatundikwe ukutani sebuleni.

Bastola hizi ni nakala za zile zilizobuniwa na Mmarekani Samuel Colt, aliyepewa hataza ya bastola ya silinda mwaka wa 1836, na washindani wake kama vile Remington. Nyingi huundwa nchini Italia, karibu na mji wa Brescia, katika viwanda vya Uberti na Pietta.

Hazitumii risasi za ganda. Sawa na gobore, mtumiaji hutia baruti nyeusi, yaani mchanganyiko wa shura, makaa na salfa, katika kila tundu la silinda. Kisha hushindilia tufe la risasi juu yake na kupachika fataki upande wa nyuma. Nyundo ikigonga fataki, cheche huwasha baruti.

Mnunuzi wa bastola iliyotumika hana budi kuhakikisha kwanza kwamba haina baruti wala fataki. Baada ya hapo amulike ndani ya mtutu na silinda. Baruti nyeusi huacha masizi yanayovuta unyevu na kula chuma, hivyo vishimo vya kutu ni ushahidi kwamba mwenyewe hakuwa akiisafisha.

Aidha, nyundo ikivutwa polepole, silinda yapasa kuzunguka, kusimama na kukaza, kila tundu likilingana barabara na mtutu. Vichomozo vinavyobeba fataki visiwe vimechakaa, kwani fataki ikilegea, moto waweza kurukia matundu jirani na kuyalipua kwa pamoja. Fremu ya shaba nayo hulegea upesi kuliko ya chuma cha pua. Zaidi ya yote, baruti ya kisasa isiyo na moshi kamwe isitiwe humo. Shinikizo lake laweza kuipasua silinda mkononi.

Suala la leseni ndilo linalowatatiza wengi. Sheria ya Udhibiti wa Bunduki ya Marekani ya mwaka wa 1968 haizihesabu nakala za aina hii kuwa bunduki, ingawa baadhi ya majimbo yana masharti yake.

Kenya ina mtazamo tofauti. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, huitambua kama silaha kila zana ya kuua yenye mtutu inayoweza kufyatua risasi au kitu kingine. Tafsiri hiyo haiulizi iliundwa mwaka gani wala hutumia baruti gani. Anayetaka kuimiliki anahitaji cheti kutoka kwa Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha, na kuiingiza nchini kunahitaji kibali. Asiye na cheti hukabiliwa na kifungo gerezani.

Yule anayedhani ataipenyeza katika mizigo ya ndege akumbuke pia kwamba baruti nyeusi na fataki haziruhusiwi kabisa katika ndege za abiria.

Kaptagat, suala hili si la nadharia tu. Eneo hilo la misitu lipo karibu na mpaka wa Uasin Gishu na Elgeyo Marakwet, na chini ya miteremko yake kuna Bonde la Kerio, ambako silaha haramu zimeangamiza maisha kwa miaka mingi. Februari 2023, serikali ilianzisha operesheni ya usalama katika kaunti sita, Elgeyo Marakwet ikiwemo, na kuwataka wenye silaha haramu wazisalimishe. Hata wenye leseni hawakuachwa: Desemba 2018 waliamriwa kukaguliwa upya katika muda wa siku 90.

Katika mazingira hayo, afisa wa polisi anayeikuta bastola sandukuni hana sababu ya kuamini kwamba ni pambo. Mlengwa naye hatofautishi tufe lililorushwa kwa baruti nyeusi na risasi ya kisasa.

Kwa hivyo, anayeipenda historia ya zana hizi ana njia mbili. Aitumie na kuiacha huko inakoruhusiwa, au aiombee cheti na kibali kabla ya kutoa hata senti moja. Na kwa aliyeuziwa kimyakimya akiwa Eldoret au Kaptagat, maneno ya muuzaji kwamba "hii ni ya kale tu" hayatamfaa kitu mbele ya hakimu.